Kupunguza miti baada ya ukame: kwa nini kukata baadhi kunaweza kuokoa inayobaki

Kwa miaka mingi umesikia ujumbe mmoja kutoka kwetu na kwa mashirika mengine: panda mti, usikate mti. Umeusikia kwenye mikutano ya kijiji, shuleni na siku za kugawiwa miche. Leo tunataka kukueleza jambo linaloonekana kupingana na ujumbe huo. Ikiwa shamba lako la miti lilipandwa kwa kubanana na sasa limepigwa na ukame, njia nzuri ya kuliokoa inaweza kuwa kuondoa sehemu ya miti yake.

Tunajua si rahisi kulikubali. Mti uliomwagiliwa kwa maji ya kubebwa kichwani haukatwi hivi hivi. Tena jirani akisikia shoka bila kuelezwa sababu, anaweza kudhani msitu unaibwa. Kwa hiyo soma hadi mwisho kabla ya kushika panga. Makala hii inaeleza kwa nini kazi hii inasaidia, nani anapaswa kuulizwa kwanza, na namna ya kuifanya bila kuharibu shamba.

Tumeandika tukiwafikiria zaidi wakimbizi wa Nakivale na jamii wenyeji wa wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo inafaa pia kwa makazi mengine yenye mashamba ya miti.

Kwa nini miti inakauka?

Nakivale ni moja ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Ilifunguliwa mwaka 1958. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wamepika kwa kuni na kujenga kwa miti, na miti ya asili iliyokuwa karibu na nyumba imepungua. Ndiyo sababu mashamba ya miti inayokua haraka yalianza kupandwa: mikaratusi (wengi wetu tunaiita kalitusi), grevilea, mijohoro na mingineyo.

Lakini Isingiro iko ndani ya ukanda wa mifugo, eneo kavu linaloikata Uganda kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, takriban kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Msimu mmoja ukikosa mvua ya kutosha, miti hubaki miezi mingi bila maji mapya kwenye udongo.

Mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kupitia matundu madogo sana yaliyo kwenye majani. Udongo ukikauka, mti hufunga matundu hayo ili usipoteze maji. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu hewa ambayo mti hutumia kujitengenezea chakula huingia kupitia matundu hayo hayo. Mti uliofunga matundu haufi kwa kiu mara moja, lakini unaanza kuishi kwa akiba yake.

Ukame ukiendelea, mapovu ya hewa huingia kwenye mishipa inayopandisha maji ndani ya shina, na maji hayafiki juu. Ndiyo maana mara nyingi kilele hukauka kwanza huku majani ya chini yakiwa bado mabichi. Mti uliodhoofika hivyo hushambuliwa kwa urahisi na mchwa, wadudu wengine na magonjwa ya gome. Pia unaweza kufa miezi kadhaa baada ya mvua kurudi, kwa sababu akiba yake imekwisha. Kwa hiyo mvua ikinyesha, usidhani kwamba hatari imepita.

Hesabu ya jerikeni

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye eneo la mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji.

Chukua kipande cha ardhi cha mita 30 kwa 30. Ukipanda miti kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, utapata miti takriban 225, na kila mti una mita 4 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 20 ikinyesha, kila mti unaangukiwa na lita 80, yaani jerikeni nne za lita 20.

Sasa ondoa mti mmoja katika kila mitatu. Inabaki miti 150. Mvua ile ile inampa kila aliyebaki jerikeni sita. Ukipunguza tena baada ya muda hadi ibaki miti kama 112, kila mti una jerikeni nane, mara mbili ya mwanzo. Mvua haikuongezeka hata tone. Waliokuwa wakigawana ndio waliopungua.

Hesabu hii ni ya kurahisisha. Si maji yote hufika kwenye mizizi: mengine hubaki juu ya majani na kukauka huko, mengine hutiririka, mengine huchukuliwa na nyasi. Lakini shamba lililobanana sana lina majani mengi yanayozuia mvua ndogo isifike chini, kwa hiyo kupunguza miti husaidia hapo pia.

Waliopanda kwa kubanana hawakukosea. Miti iliyobanana hukua ikiwa imenyooka, hufunika magugu mapema na hutoa fito nyembamba za kujengea. Shida huja pale miti inapokua mikubwa nayo ikaachwa katika nafasi ile ile ya siku ya kupandwa. Ni kama familia iliyopewa chumba kimoja watoto wakiwa wadogo. Wakikua, chumba hakitoshi.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2016 watafiti wa misitu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Freiburg nchini Ujerumani, walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya majaribio mengi kuhusu kupunguza miti na ukame. Waliona kuwa miti ya jamii ya misonobari iliyokuwa imepunguzwa ilirudisha ukuaji wake vizuri zaidi baada ya ukame. Kwa miti ya majani mapana, msaada ulionekana zaidi wakati wa ukame wenyewe. Pia faida hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa sababu miti iliyobaki hutanua matawi na mizizi mpaka nafasi ikajaa tena.

Kwako wewe hilo lina maana mbili. Kwanza, usisubiri mpaka ukame uje. Shamba lililopunguzwa mapema huingia kiangazi likiwa na nguvu. Pili, kazi hii haifanywi mara moja tu. Inarudiwa baada ya miaka michache.

Kabla ya kukata: nani anaamua?

Hatua hii usiiruke. Ukataji bila ruhusa unaweza kukuletea matatizo na serikali au na majirani, hata kama nia yako ilikuwa njema.

* Ikiwa shamba liko kwenye ardhi ya makazi ya wakimbizi: ardhi hiyo inasimamiwa na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Anza kwa mwenyekiti wako wa RWC. Yeye ataliwasilisha kwa OPM na kwa shirika linalosimamia mazingira katika eneo lako. Hata kama kikundi chenu ndicho kilichopanda miti hiyo, ombeni ruhusa kwanza.
* Ikiwa wewe ni mwenyeji na shamba ni lako: mjulishe mwenyekiti wa LC1 na umwombe ushauri Afisa Misitu wa Wilaya, hasa ikiwa unataka kuuza au kusafirisha nguzo na mbao. Usafirishaji wa mazao ya misitu unaweza kuhitaji kibali.
* Ikiwa ni msitu wa hifadhi wa serikali: usikate. Misitu hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu (NFA), na sheria ya misitu ya mwaka 2003 inakataza kukata bila leseni.
* Ikiwa ni miti ya asili iliyojiotea yenyewe: maelezo ya makala hii hayaihusu. Iache.

Baada ya kupata ruhusa, itisheni mkutano mfupi wa wakimbizi na wenyeji wanaoishi karibu na shamba. Waelezeni ni miti mingapi itaondolewa, lini, na kuni zitakwenda kwa nani. Mkutano wa saa moja unaweza kuzuia ugomvi wa mwaka mzima.

Wakati gani mzuri?

Mti usio na majani si lazima uwe umekufa. Kabla ya kuuhukumu, kwangua gome kidogo kwa ukucha au kwa ncha ya kisu. Chini yake kukiwa kibichi na chenye unyevu, mti bado uko hai. Kukiwa kikavu na cha kahawia, kwangua tena sehemu ya chini zaidi. Ikiwa ni kikavu hadi karibu na ardhi, mti umekufa.

Miti iliyokufa au iliyoshambuliwa vibaya na wadudu inaweza kuondolewa wakati wowote, baada ya kupata ruhusa. Kwa miti mingine, wakati mzuri ni kuelekea mwanzo wa msimu wa mvua au mvua zinapoanza. Hapo miti inayopona huanza kuchipua na utaona ipi ina nguvu. Pia mvua yote ya msimu huo itawafaidi waliobaki. Epuka kufungua shamba katikati ya kiangazi kikali, kwa sababu udongo uliozoea kivuli utapigwa na jua ghafla.

Miti ipi iondoke, ipi ibaki?

Kazi ya kuchagua ifanywe siku tofauti na siku ya kukata. Pitieni shamba polepole na kuweka alama ya rangi au kitambaa kwenye miti itakayoondoka. Mtu mwingine apite tena kuhakiki. Alama ikiwekwa vibaya inafutika, lakini mti ukishakatwa haurudi.

Iondoke kwanza:

1. Iliyokufa, au iliyokauka sehemu kubwa ya juu.
2. Yenye vidonda vikubwa kwenye gome, inayotoa utomvu mwingi, au iliyoliwa na mchwa kwenye shina.
3. Iliyozidiwa na wenzake: myembamba, mifupi, iliyo kivulini muda wote.
4. Iliyopinda au yenye mashina mawili.
5. Iliyosongamana na mti mzuri kuliko wenyewe.

Ibaki ile iliyonyooka, yenye gome zima, na yenye majani mabichi kwenye angalau theluthi moja ya urefu wake. Mti mrefu wenye kijishungi cha majani juu tu hauna uwezo wa kujitengenezea chakula cha kutosha kupona haraka.

Kanuni rahisi kwa anayeanza ni hii: tazama miti mitatu mitatu iliyo jirani, na katika kila kundi uondoe ule dhaifu zaidi. Usiifuate kwa upofu. Mahali ambapo miti mitatu yote ni mizuri na ina nafasi, iache. Mahali ambapo miwili imekufa, usiuondoe wa tatu. Lengo ni waliobaki watawanyike vizuri, bila uwazi mkubwa katikati ya shamba.

Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, hasa kwenye mlima au mahali penye upepo. Miti iliyokua kwa kubanana huwa myembamba na imezoea kukingwa na wenzake. Ukiifungulia ghafla, upepo utaiangusha na kazi yote itapotea.

Usisahau visiki

Hapa ndipo wengi hupoteza faida ya kazi yao. Kisiki cha mkaratusi hakifi kwa kukatwa. Kina mizizi mikubwa, na baada ya wiki chache hutoa machipukizi mengi yanayokua kwa kasi. Machipukizi hayo yanakunywa maji yale yale uliyotaka yabaki kwa miti mingine.

Ikiwa lengo lako ni kuokoa miti iliyobaki, vunja machipukizi yakiwa bado madogo na laini, na urudie kila yanapotokea mpaka kisiki kichoke. Ikiwa unahitaji fito, unaweza kuacha chipukizi moja au mawili kwenye visiki vichache, lakini jua kwamba hapo hujapunguza wanywaji wa maji. Mijohoro nayo huchipua vizuri. Grevilea ni tofauti: ukiikata chini ikiwa kubwa, kwa kawaida kisiki hakichipui vizuri, lakini huvumilia kukatwa matawi na kilele. Kwa hiyo grevilea iliyo kando ya shamba la mazao si lazima uing'oe. Unaweza kuikata matawi ukapata kuni na ikaendelea kuishi.

Majani na vitawi vidogo usivichome. Vitandaze kati ya mistari ya miti ili vikinge udongo na jua, lakini visigusane na mashina, kwa sababu mchwa hupita humo. Acha pia njia safi, isiyo na majani makavu, kuzunguka shamba ili moto wa nyasi usiingie.

Kuni na fito ziende wapi?

Kila anayetafuta kuni anajua umbali wa safari hiyo na hatari zake, hasa kwa wanawake na wasichana. Shamba likipunguzwa, kuni hupatikana karibu na nyumbani, kwa ruhusa na mchana kweupe. Ni faida ambayo familia inaiona mara moja, wakati faida ya miti iliyobaki itaonekana baadaye.

Kwa hiyo kubalianeni kuhusu mgao kabla ya siku ya kukata. Waliofanya kazi wapate. Wazee, watu wenye ulemavu na walezi wanaoishi peke yao na watoto wapate pia, hata kama hawakuweza kushika shoka. Ikiwa shamba limepakana na kijiji cha wenyeji, wahusisheni katika mgao. Andikeni makubaliano hayo kwenye daftari, na kila upande ubaki na nakala.

Miti iliyonyooka inafaa kwa fito za nyumba, vibanda vya mbuzi na miti ya kushikilia nyanya. Iliyobaki ipasuliwe na kupangwa mahali penye hewa ili ikauke. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Ukisubiri zikauke vizuri na ukatumia jiko banifu, mzigo mmoja utakutosha kwa siku nyingi zaidi.

Usalama siku ya kazi

Usikate mti ukiwa peke yako. Watoto wakae mbali, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti. Usifanye kazi siku ya upepo mkali, wala karibu na nyumba au nyaya za umeme bila mtaalamu. Kagua mipini ya shoka na panga kabla ya kuanza. Ukikuta mti umeegemea mwingine, usipite chini yake.

Jipimie mwenyewe

Majaribio mengi tuliyoyataja yalifanyika katika nchi zenye hali ya hewa tofauti na yetu. Njia nzuri ya kujua kama yanafaa kwenye shamba lako ni kulipima. Acha kona moja bila kupunguza. Chagua miti kumi pale na mingine kumi upande uliopunguzwa, kisha uizungushie uzi kwenye shina kwa urefu wa kifua chako. Pima uzi kwa rula na uandike. Rudia mwaka unaofuata, wakati ule ule. Hesabu pia ni mingapi imekufa kila upande. Daftari hilo litakusaidia kuamua, na litamsaidia afisa misitu kukushauri vizuri zaidi.

Jambo ambalo kupunguza miti hakuwezi kufanya

Hakuleti mvua. Hakuwezi kuokoa mti uliopandwa mahali pasipoufaa, kama vile kwenye mwamba wenye udongo mchache. Na ukifungua shamba kupita kiasi, nyasi zitaota kwa wingi, nyasi zitavuta mifugo, na wakati wa kiangazi zitavuta moto. Wafugaji na wenye shamba wazungumze mapema kuhusu ng'ombe na mbuzi wataingia lini, au wasiingie kabisa mpaka miti ipate nguvu.

Kwa mashamba mapya, somo ni kuanza na nafasi ya kutosha. Ikiwa unataka mbao au nguzo kubwa, nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti takriban 1,111 kwa hekta, hutumika sana Uganda. Changanya aina za miti ili ugonjwa mmoja au ukame mmoja usiondoke na shamba lote. Na usipande mikaratusi kwenye bonde lenye maji au kando ya ziwa.

Una swali?

Zungumza na mwenyekiti wako wa RWC au LC1, kamati ya mazingira ya kijiji chako, au Afisa Misitu wa Wilaya. Unaweza pia kuuliza kwenye dawati la taarifa lililo karibu nawe au kupitia laini ya bure ya FRRM. Huduma za mashirika ya misaada ni bure. Mtu akikuomba pesa ili akupatie ruhusa ya kukata miti ya makazi, usimpe, toa taarifa.

Ujumbe wa zamani bado ni wa kweli: panda mti. Ulichoongezewa leo ni kwamba mti uliopandwa unahitaji nafasi ya kuishi, na wakati mwingine ni wewe unayepaswa kuutafutia nafasi hiyo.